Mkeka Tuliomtandikia Padri Mkubwa

Jumapili, alasiri. Mvua ilipiga tangu alfajiri, ikakatika watu walipokuwa wakitoka kanisani, na sasa jua linawaka kana kwamba halikuwa na habari. Sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, iko jikoni, bado haijaiva. Nina moyo mweupe leo. Sijapata kuandika hivyo katika daftari hili kwa miezi minne, kwa hiyo naandika mapema kabla moyo huo haujanipita.

Masista walionifundisha kuandika walisema shajara ni ya kuhesabu dhambi na neema. Mimi nimeitumia zaidi kusengenya. Leo nitafanya kama walivyotaka.

Niseme kwanza mimi ni nani, maana daftari hili likiokotwa mtu asidhani ni la mtakatifu. Mimi ni mjane wa katekista, na ndiye mtunza nyumba ya wachumba hapa misioni yetu ndogo, kwenye njia ya kwenda Wamaza. Wasichana waliokwisha kuposwa huja kukaa kwangu miezi mitatu kabla ya ndoa. Wanajifunza sala, kushona, kupiga pasi na kunyamaza. Hilo la mwisho nililifundisha vizuri kuliko yote, na ndilo linaloniuma.

Wananiita Mama wa Wachumba. Nalipenda jina hilo. Nikikatiza sokoni Kabambare watu wananisogezea kigoda, na mimi nakaa.

Anastazia alikuja kwangu wakati wa kiangazi, mwanamke mzima wa miaka ishirini na miwili, ameposwa na Benedikto, fundi seremala. Mcheshi, mkaidi kidogo, mikono yake mizuri kwa pasi ya makaa. Kanzu za padri akizinyosha yeye hukuona hata mkunjo mmoja. Na padri tuliyekuwa naye wakati ule akaliona hilo. Akaanza kuagiza kwamba kanzu zipelekwe nyumbani kwake na Anastazia mwenyewe, si mimi, si mwingine.

Mara ya kwanza alikwenda akarudi kimya. Mara ya pili pia. Mara ya tatu akaniambia, "Mama, leo utume mwingine, tumbo inaniuma." Nikamwambia nazijua hizo tumbo za wachumba, zinauma siku za kazi na kupona siku za karamu. Nikamtwika kikapu mimi mwenyewe.

Alirudi bila kitambaa kichwani. Akaweka kikapu nje ya mlango, akashuka mtoni, akakaa kule hadi jua likaelekea kuzama. Nami nilikasirika kwa sababu kikapu cha misioni kimeachwa nje na mawingu yanakuja. Nilikiingiza ndani nikinung'unika. Hivyo ndivyo nilivyokuwa na akili siku ile.

Kilichotokea ndani ya nyumba ile sitakiandika. Ni chake, si changu. Aliniambia wiki mbili baadaye, maneno machache, huku akichambua mchele, bila kuniangalia.

Nilimwandikia barua Padri Mkubwa anayesimamia misioni zetu. Jibu lilikuja la mistari mitano: tusali, tusilitie Kanisa aibu, yeye atashughulika. Yule padri akapakiwa kwenye lori, tukaambiwa ana homa na anarudi Ulaya kupumzika. Anastazia akarudi kwa wajomba zake. Hakuna aliyemwambia neno. Hata mimi.

Miezi minne nilinyamaza. Nimejiuliza kwa nini, na jibu si zuri. Nilipenda kile kigoda cha sokoni.

Mdomo wa mtu ukifungwa, wa mwenzake hufunguka. Kijijini wakaanza kusema msichana ndiye aliyejipeleka, eti alikuwa akijipaka mafuta ya mawese kabla ya kubeba kikapu. Wengine, wenye kupenda dini kuliko akili, wakasema shetani huwashambulia watu wakubwa. Niliwasikiliza nikawaza kwamba shetani hakuwa na ufunguo wa mlango ule. Baba yake Benedikto akatangaza kwamba ndoa imekufa. Halafu Ijumaa ya juzi ikaja karatasi kutoka kwa Padri Mkubwa: atafika Jumapili hii, na Anastazia akitaka kufunga ndoa ya kanisa itabidi apige magoti mlangoni Jumapili tatu mfululizo, mbele ya watu wote, kama mtu aliyeanguka. Mimi ndiye niliyeagizwa kumfikisha.

Karatasi ile niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama. Ya tatu nikaketi chini.

Dada yangu wa Nyangwe ameniuliza tangu zamani kwa nini sitoki katika Kanisa hili. Yeye alihama, sasa anasali na watu wengine ng'ambo ya mto, na anasema kwao kuna amani. Simlaumu. Nyumba usiyolala ndani yake huijui ila yake, na yeye amelala humu, anaijua. Tena wengi wametuambia tupeleke shauri kwa Bwana wa serikali. Bwana wa serikali na mapadri hula meza moja kila Noeli, na sisi ndio tunaoosha sahani.

Lakini mimi sitoki. Nimewaza sana sababu, nikazipepeta, zile nyepesi zikaruka. Kaburi la mume wangu lipo nyuma ya kanisa: hiyo ni sababu, lakini kaburi hata mpita njia anaweza kulitembelea. Kuta hizi tulizifinyanga wenyewe, tofali kwa tofali, mimba ya mwanangu wa pili tumboni: ni sababu pia, lakini matofali hayaokoi mtu. Mungu sikumkuta kwa yule padri. Nilimkuta zamani, padri yule akiwa bado ananyonya huko kwao. Kwa nini basi aondoke na lori lake na Mungu wangu pia?

Sababu nzito ni nyingine, nayo haikutoka kwa masista. Ilitoka kwa bibi yangu.

Kwetu, ubaya ukitendeka ndani ya nyumba ya mtu, mwenye nyumba ndiye anayeitwa, hata kama siye aliyeutenda, hata kama alikuwa safarini. Unatandikwa mkeka mpya. Mwenye nyumba anavua viatu, anakaa chini, miguu ameinyosha, mikono wazi juu ya mapaja. Wajomba wa aliyekosewa wanakaa juu ya vigoda. Wanasema yote waliyo nayo, naye hajibu. Wakimaliza, anasema maneno mawili tu, "Kwangu hapa." Maana yake limetendeka kwangu hapa na silikatai. Baada ya hapo ndipo watu wanazungumza jinsi ya kutengeneza, na aliyekosewa anatembea kichwa juu, kwa sababu aibu imekwisha kumtoka ikaenda kukaa inapostahili.

Na mkeka huo hatandikiwi mtu wa nje. Adui humtandikii, mgeni humtandikii. Unamtandikia mtu ambaye bado unataka kula naye. Bibi alikuwa akisema aliyehama ukoo hana mkeka wa kutandika. Akipita mbele ya nyumba anaweza kutukana tu, na matusi hata kunguru anayo.

Ndiyo sababu sitoki. Nikitoka leo, kesho shauri la Anastazia litabaki na nani?

Jumamosi nilikwenda kwa miguu hadi kwa wajomba zake. Mkubwa wao ni Sumaili, Mwislamu, mzee wa maneno machache na kicheko kirefu. Anastazia alikuwa uani akitwanga. Nilimwambia nimekuja kumwomba ruhusa. Sikumwomba aje kanisani, nilimwomba ruhusa ya kulisema. Alitwanga sana kabla ya kujibu. Kisha akasema, "Useme yako, Mama. Yangu uniachie." Nikamwambia sawa. Sumaili naye akakubali kuja na wadogo zake. Wanawake wa misioni, nilipowaeleza, hawakubisha hata mmoja. Mmoja wao alikuwa na mkeka mpya aliousuka kwa ajili ya binti yake, akauleta akiwa ameufunga kwa kamba ya mgomba.

Sasa niandike ya leo.

Misa ilikwenda vizuri. Padri Mkubwa ana sauti nzuri, hilo sitamnyima. Sumaili na wadogo zake wawili waliingia baada ya baraka ya mwisho. Hawajawahi kuingia kanisani maisha yao yote, na kwa adabu yao waliacha kandambili mlangoni, zikapangwa pale kama msikitini. Tuliwawekea vigoda. Tukatandika mkeka mbele ya ngazi za altare, safi, haujakanyagwa. Kila mtu, hata mzee kipofu aliyekaa karibu na nguzo, alijua maana yake.

Kila mtu isipokuwa mmoja.

Padri Mkubwa alitoka sakristia, akauona mkeka, uso ukamng'aa. Alidhani ni heshima. Akaushukuru ukarimu wa akina mama, akausifu ususi wake, akaupanda na buti zake zenye tope la njia, akavuta kiti akakiweka katikati, akaketi. Halafu akambariki aliyeusuka, popote alipo. Aliyeusuka alikuwa ameketi kando yangu, na nilisikia pumzi ikimtoka puani. Mungu anisamehe, nusura nicheke. Nilitamani kulia na kucheka kwa pamoja, na nikauma ncha ya kitambaa changu.

Akaanza kusema. Alizungumza habari za yule padri aliyeugua, tumwombee. Akasema sasa kuna binti mmoja ambaye Kanisa, kama mama, liko tayari kumpokea tena akipiga magoti.

Sumaili akasimama. Hakupaza sauti, akamwita kama mapadri wanavyoitwa huku.

"Mompere, uko juu ya mukeka yetu na viatu."

Padri Mkubwa akatazama buti zake, akatazama watu. Sumaili akaendelea, "Mutoto wetu alilala mu nyumba yenu. Alikuja muzima, akarudi mugonjwa wa roho. Sisi hatukuja kugombana. Tunataka tu mwenye nyumba aikale chini, asikie."

Padri Mkubwa akanigeukia mimi. Kwa hakika alitazamia niwatulize, maana ndiyo kazi niliyoifanya miaka yote hii. Nikasimama nikamweleza mkeka ni wa nini, polepole. Nikamweleza anayekaa pale haitwi mwovu, anaitwa mwenye nyumba. Akaanza kuwa mwekundu toka shingoni.

"Si mimi niliyetenda," akasema.

"Hakuna aliyesema umetenda, Padri."

"Kanisa haliwezi kukaa chini kwa ajili ya kosa la mtu mmoja."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, hilo sikulipanga. Lakini wakati nimesimama pale nilimwona bibi yangu waziwazi, na nikaelewa kwamba tangu jana nimekuwa nikimtafuta mwenye nyumba, na mimi pia ufunguo mmoja ulikuwa kiunoni mwangu. Nyumba ya wachumba ilikuwa yangu. Nikavua kandambili. Nikaja nikakaa chini juu ya ule mkeka, miguu nimeinyosha, mikono wazi.

Kumbe nilikuwa nimekaa miguuni pa kiti chake. Yeye akaona mwanamke yuko chini mbele yake, akainua mkono kunibariki. Masikini, siku yote hii alikuwa akiona vitu vingine.

"Hapana, Padri," nikamwambia. "Ondoa kiti."

Akaushusha mkono. Kisha akainuka, akakibeba kiti mwenyewe, akakisogeza nje ya mkeka, akasimama kando yake. Hakukikalia tena.

Sumaili na wadogo zake wakasema yao. Sitayaandika yote. Walisema mtoto wao haimbi tena. Walisema anakula akiwa amegeukia ukuta. Mdogo wa mwisho alisema mtoto anaogopa harufu ya pasi ya moto, na hapo kanisa lote likainama. Wakamaliza.

Nikasema, "Kwangu hapa."

Mila inataka uishie hapo, lakini niliendelea, kwa sababu maneno mawili hayakutosha kumsafisha Anastazia kwa wambea. Nikasema mbele ya watu wote: hakujipeleka. Aliagizwa kwa jina. Mara ya tatu aliniomba nisimtume, nikamwita mvivu, nikamtwika kikapu kichwani kwa mikono hii. Aliporudi nikajali kikapu. Aliponiambia, niliandika barua moja, nikapata jibu, nikajificha nyuma ya jibu hilo miezi minne kwa sababu nilipenda kuheshimiwa. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nikificha uchi wa watu wengine.

Sikulia. Nilidhani ningelia. Sauti yangu ilikuwa kavu, ya mtu anayesoma orodha ya majina ya watoto wa ubatizo.

Wa kwanza kuinuka alikuwa baba yake Benedikto. Ni mtu wa kiburi, tena mrefu, akisimama unadhani paa litamgusa. Akasema, "Miye nilikuwa nasema mutoto ya watu amejipeleka. Nilisema sokoni, nilisema mu shamba. Kumbe alitumwa, na alikataa." Akamtazama Sumaili. "Ndoa iko. Kama Benedikto angali anataka, na yule binti naye akitaka, kwangu hakuna kizuizi." Kisha akaketi kwa nguvu hata benchi likalia.

Sumaili akashuka kwenye kigoda, akanishika mkono, akaninyanyua. Kwa mila, hiyo ndiyo alama kwamba wamenisikia. "Weye, Mama, umekwisha," akasema. "Inabakia mwenye nyumba mukubwa." Akavaa kandambili zake mlangoni akaenda na wadogo zake bila kumtazama Padri Mkubwa, na bila kumtukana.

Hakuna aliyekunja mkeka. Padri Mkubwa alipita pembeni yake, akishika ukuta, kwenda sakristia.

Nilirudi hapa nikaanza kutwanga sombe. Nilijua kwamba huenda leo nimepoteza kazi, na chumba hiki, na kigoda cha sokoni. Niliyapima yote hayo huku natwanga na nikaona ni mepesi. Kama wataniondoa, itabidi wanibebe. Kwa miguu yangu sitoki.

Kisha kivuli kikaingia mlangoni. Padri Mkubwa, peke yake, bila kofia. Sijapata kumwona bila kofia. Ana upara ambao sikuujua, na macho yake ni ya mtu aliyechoka sana.

Aliuliza kama kwa Sumaili ni mbali.

Nikamwambia mwendo wa saa tatu, na kuna mto mmoja ambao baada ya mvua hii utakuwa umefika kifuani.

Akauliza kama lori linafika. Nikamwambia halifiki, hata baiskeli inabebwa begani. Akatikisa kichwa. Akatazama kinu changu. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitazamia kutoka kinywani mwake.

"Nikifika kule, nitakaa chini peke yangu?"

Nikamwambia mimi yangu nimekwisha kukaa, lakini nitaketi pembeni, asije akakosea akambariki mtu. Sijui kama alitabasamu. Alisema itabidi asali kwanza, na labda amwandikie askofu kabla ya kwenda popote. Nikaona njia ile ile ya mistari mitano inafunguka tena, nami nikaifunga pale pale.

"Usali, Padri," nikasema, "lakini miye naondoka kwa jogoo la kwanza."

Akaondoka. Kutoka hapa namwona anazunguka uani, mikono nyuma, anakwepa madimbwi ya maji. Simjui moyo. Anaweza kuwa mtu wa kesho, anaweza kuwa mtu wa barua. Zamani ningekesha nikijiuliza ni yupi. Leo sombe ikiiva nitakula, nitalala.

Kwa jogoo la kwanza nitafungua mlango. Nikimkuta amesimama pale, nitamwambia avue buti mapema, mto ule hauheshimu viatu. Nisipomkuta, nitakwenda peke yangu nimwambie Anastazia kwamba nimesema yangu, kwamba yake nimemwachia, na kwamba mwenye nyumba bado hajakaa. Halafu Jumapili nitarudi kanisani kwa mlango ule ule, niingie, nimuulize tena mwenye nyumba kama atakaa chini.